Mashine ya Kushtua Moyo Shuleni: Dakika Tatu Ambazo Sharti Lolote Linapaswa Kuzihesabu

Jumamosi moja, mwishoni mwa kipindi cha pili, kwenye uwanja wa shule nje kidogo ya Tororo, mashariki mwa Uganda, beki wa kushoto alianguka. Hakuna aliyemgusa, na mpira wenyewe ulikuwa upande wa pili. Refa alipiga filimbi, wachezaji wakamzunguka, mtu akaleta chupa akammwagia maji usoni. "Presha hiyo!" akasema mmoja. "Kifafa, mtafutieni kijiko," akasema mwingine. Baada ya nusu dakika kijana alifumbua macho, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na jua lilikuwa kali.

Kilichonifanya niandike ni ubishi uliofuata. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa kwenye timu, alisema serikali izilazimishe shule zote ziwe na ile mashine aliyoiona kwenye simu, inayofufua wachezaji. Kijana wa bodaboda akamjibu: "Lakini mama, ule ni umeme. Mtoto kazimia kwa njaa, ukimpiga umeme si utamuua?" Mwalimu aliyesimama karibu akaongeza kwamba mashine hiyo ni ya madaktari, na hata ikiletwa, umeme wa hapa hukatika kila siku. Wote watatu walisema kwa uchungu wa kweli, na wote watatu walikosea mahali fulani. Ubishi wa namna hiyo nimeusikia tena Mbale na Kampala, kwa hiyo afadhali tuufumue polepole.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Tukisema "mshtuko wa moyo" tunachanganya mambo matatu. Kuna mtu aliyepokea habari mbaya moyo ukamwenda mbio. Kuna mtu ambaye mshipa unaoulisha moyo wake damu umeziba, kama bomba lililojaa kutu: anashika kifua, anatoka jasho, lakini mara nyingi yuko macho na anazungumza. Halafu kuna mtu ambaye moyo wake umeacha ghafla kusukuma damu. Huyu haongei. Ameanguka, haitikii akiitwa, hapumui sawasawa, na asipopata msaada atakufa ndani ya dakika chache. Huyo wa pili anaweza kugeuka kuwa wa tatu, lakini si kitu kimoja. Presha nayo ni jambo jingine kabisa, ni nguvu ya damu ndani ya mishipa, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua. Katika makala haya nitasema "moyo kusimama" kwa hali ile ya tatu, na "pigo la umeme" kwa kile mashine inachotoa, ili tusichanganyikiwe tena.

Mtumbwi uliopoteza mwimbishaji

Fikiria mtumbwi mkubwa wa wapiga kasia kumi na wawili, unaotoka asubuhi ufukweni Majanji, kwenye Ziwa Victoria. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na makasia yote yanaingia majini kwa pamoja. Mtumbwi unakwenda. Ndani ya moyo yumo mwimbishaji wa aina hiyo: fundo dogo la seli upande wa juu kulia, linalotoa ishara ya umeme kama mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, na misuli yote ya moyo inaitikia.

Sasa fikiria sauti ya mwimbishaji imemezwa na kila mpiga kasia anapiga anavyotaka. Jasho linawatoka, maji yanaruka, lakini mtumbwi uko palepale. Hivyo ndivyo moyo wa wengi wanaoanguka ghafla unavyokuwa katika dakika za mwanzo. Tunasema umesimama kwa sababu kazi imesimama, ila misuli bado inatetemeka ovyo na damu haiendi popote. Ndani ya sekunde chache mtu anapoteza fahamu.

Pigo la umeme ni amri moja kali: makasia juu! Wote wanaacha kwa wakati mmoja, na katika ukimya huo mwimbishaji anapata nafasi ya kuanza wimbo upya. Mashine haiuwashi moyo kama mtu anavyowasha pikipiki. Kinachofanya ni kunyamazisha fujo.

Hapo ndipo filamu zinapotudanganya. Mstari umenyooka kwenye skrini, daktari anapiga umeme, mgonjwa anafumbua macho. Lakini wapiga kasia waliokwisha kuweka makasia chini, amri ya kuacha inawasaidia nini? Moyo ulionyamaza kabisa haunufaiki na pigo la umeme, na mashine inalijua hilo. Inausoma moyo kwanza. Ikikuta umetulia kabisa, au ikikuta unapiga vizuri, haitoi umeme hata ukibonyeza kitufe mara mia. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anaweza kutulia: yule beki wa kushoto, hata kama tungembandikia mashine kifuani, isingempiga. Ingesema hakuna haja ya pigo, basi.

Na kukandamiza kifua? Huko ni kushuka majini na kuusukuma mtumbwi kwa mikono hadi wapiga kasia wapatane. Ni kazi nzito na haifikishi damu nyingi, lakini inatosha kuuweka ubongo hai kwa muda. Unaweka mikono miwili katikati ya kifua, unabonyeza chini kama sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na unaacha kifua kirudi juu chenyewe kabla ya kubonyeza tena. Ukichoka mwenzako anakupokea. Hili halihitaji shilingi hata moja.

Kutoka gari la kilo 70 hadi mkoba wa mkononi

Mtu wa kwanza anayejulikana kuokolewa kwa pigo la umeme alikuwa mvulana wa miaka 14. Ilikuwa mwaka 1947, Cleveland nchini Marekani. Moyo wake ulipoteza mpangilio akiwa mezani kwa upasuaji, na daktari Claude Beck akagusisha vyuma vya umeme kwenye moyo wenyewe, kifua kikiwa wazi. Mwaka 1965 daktari Frank Pantridge wa Belfast aliitoa mashine hospitalini na kuipakia kwenye gari la wagonjwa. Iliendeshwa kwa betri za gari na ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi.

Ya leo, ile yenye herufi AED (kifupi cha jina lake la Kiingereza), haizidi sana uzito wa mkoba wenye vitabu. Ina betri yake ndani inayokaa miaka kadhaa ikisubiri, kwa hiyo mwalimu wetu asihangaike na umeme kukatika. Unaifungua, inaanza kukuongoza kwa sauti. Unavua au kukata jezi, unafuta jasho, unabandika vibandiko viwili kwenye ngozi kavu: kimoja kifuani upande wa kulia, chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Vimechorwa picha. Mashine inasema msimguse, inasoma, na kama pigo linahitajika inakuambia ubonyeze. Nyingine zinapiga zenyewe baada ya kuonya. Mara tu baada ya pigo unarudi kukandamiza kifua. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane hivi kuna vibandiko vidogo au kitufe maalumu. Visipokuwepo hutumika vya wakubwa, kimoja mbele na kingine mgongoni.

Je, kweli ni ya madaktari? Mwaka 1999 watafiti wa Seattle nchini Marekani waliwapa mashine hiyo watoto 15 wa darasa la sita ambao hawakuwa wamefundishwa, wakawapa mfano wa mgonjwa aliyeanguka. Watoto walifikia hatua ya kupiga umeme kwa wastani wa sekunde 90. Wahudumu wa dharura waliosomea kazi hiyo walitumia sekunde 67. Nafikiria watoto wetu wa P6, wale tunaowatuma dukani na kuwaachia wadogo zao, na siuoni ugumu.

Mfano mwingine ninaupenda zaidi, na nitaurudia mbele. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo kutoka nyumba za kamari za Marekani, ambako walinzi, watu wa kawaida wenye sare, walifundishwa kutumia mashine hizi. Kati ya watu 105 ambao mioyo yao ilikuwa ikitetemeka, 56 waliondoka hospitalini wakiwa hai. Na kwa wale waliopata pigo la umeme ndani ya dakika tatu tangu kuanguka, waliopona walikuwa asilimia 74. Walichowashinda madaktari wengi ni umbali: walikuwa tayari ndani ya jengo.

Dakika zinavyokula

Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila pigo la umeme, nafasi ya mtu kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Ubongo unaanza kuumia baada ya dakika kama nne au tano. Ukikandamiza kifua, kasi hiyo ya kupungua inakuwa ndogo zaidi.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye uwanja wetu. Mtu anaanguka. Dakika moja inakwenda kwa maji na mabishano ya kifafa. Dakika mbili kutafuta bodaboda. Mgonjwa anapakiwa katikati, mtu mmoja nyuma amemshikilia, na safari ya kituo cha afya inaanza. Juu ya bodaboda hakuna anayeweza kukandamiza kifua. Tunafanya hivyo kwa upendo, kwa sababu tumelelewa kumkimbiza mgonjwa, na kwa malaria kali au mama mwenye uchungu wa uzazi kukimbia ndiko kunakookoa. Kwa moyo uliosimama, mahali pa kuokolea ni pale pale alipoangukia.

Nikae kidogo kwenye kifafa, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Moyo ukisimama, mwili unaweza kutikisika kwa sekunde kadhaa, na macho yakabaki wazi. Mtu anaweza pia kuvuta pumzi za kukoroma, moja moja, mdomo ukifunguka na kufunga kama samaki aliyetolewa majini. Ukiona hivyo unasema anapumua, mwacheni apumzike. Hapumui. Hizo ni dalili za ubongo unaokosa hewa. Kanuni wanayofundishwa makocha ni hii: mwanamichezo akianguka bila kuguswa na haitikii, chukulia moyo umesimama mpaka uthibitike vingine. Kama alikuwa na kifafa au njaa, kifua kitauma siku mbili na mashine haitampiga. Kijiko mdomoni kiacheni kabisa, hata kwa kifafa chenyewe hakifai.

Lakini vijana wa miaka 16?

Watu wengi wanaamini moyo ni ugonjwa wa wazee na wanene. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alikuwa na miaka 28 alipoanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, bila kuguswa na mtu. Alifariki, na ikagundulika kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida, hali inayorithiwa na inayoweza kujificha kwa mtu mwenye mwili wa chuma. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Wenzake walimzunguka kama ukuta wakimpa mgongo, wengine wakilia, huku madaktari wakikandamiza kifua chake. Alipata pigo moja la umeme, akarudiwa na fahamu palepale uwanjani. Mwaka uliofuata alikuwa akicheza Ligi Kuu ya Uingereza. Magonjwa yao yanaweza kuwa tofauti, na sidai kwamba mashine ingembakiza Foé. Ila kati ya siku hizo mbili mpira wa miguu ulijifunza mengi kuhusu dakika za kwanza.

Sababu nyingine kwa vijana ni hitilafu ya njia za umeme wa moyo, mishipa iliyoota vibaya tangu tumboni, na uvimbe wa misuli ya moyo baada ya maambukizi ya virusi. Ipo pia ya ajabu: pigo la kifuani, mpira mgumu au kiwiko, linalotua katika sehemu ndogo sana ya sekunde ambapo moyo unajiandaa kwa pigo lake. Ndilo lililomwangusha Damar Hamlin wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, tarehe 2 Januari 2023, na naye alipona kwa sababu msaada ulikuwa mita chache tu.

Hapa kwetu kuna mzigo wa ziada, baridi yabisi ya moyo, inayoanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa na kuishia kuharibu milango ya moyo. Mara nyingi hudhoofisha moyo polepole kuliko kuuangusha ghafla, lakini mtoto mwenye ugonjwa huo hajui na anakimbia mita 1,500. Utafiti uliofanyika Gulu na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto waliogundulika mapema na kupewa sindano za penisilini kila mwezi hawakuendelea kuharibika kama wale ambao hawakupewa. Kwa hiyo kupima kuna faida, na Italia imewalazimisha wanamichezo kupimwa umeme wa moyo tangu mwaka 1982. Hata hivyo kipimo hakinasi kila kitu. Mzazi anaweza kuanza bure, kwa kuuliza: mtoto amewahi kuzimia akiwa katikati ya kukimbia? Kuna ndugu aliyefariki usingizini akiwa kijana, au aliyezama ziwani ilhali alijua kuogelea? Vifo kama hivyo tumezoea kuvipa maelezo mengine, ya kurogwa au ya mizimu, na siwacheki waliofiwa. Lakini baadhi yake ni umeme wa moyo unaorithiwa, na anayefuata anaweza kuokolewa.

Sharti lenyewe liseme nini

Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 2002, baada ya mvulana wa miaka 14 kufa kwa mpira uliompiga kifuani. Shule za umma zinatakiwa kuwa na mashine, na kuwa na mtu aliyefundishwa kwenye mashindano yao. Uingereza, mwaka 2022, serikali ilitangaza kuzipelekea mashine shule zote za umma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia shule za sekondari 1,710 zenye mashine. Katika 36 kulikuwa na mtu ambaye moyo wake ulisimama. 23 kati yao walipona. Waliokuwa wanafunzi wanamichezo ni 14 tu. Waliobaki 22 walikuwa watu wazima: walimu, wazazi, watazamaji. Fikiria siku ya wazazi kutembelea shule ya bweni, babu amepanda mlima na sufuria ya wali. Mashine ya shule ni yake pia.

Uganda ina Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 na ina Baraza la Taifa la Michezo, kwa hiyo mahali pa kuandika sharti papo. Mashine moja inauzwa kati ya dola 1,000 na 2,500, yaani kama shilingi milioni 4 hadi 9, kabla ya usafirishaji. Shule isiyo na vyoo vya kutosha ikiambiwa inunue, ina haki ya kulalamika, na mimi nitakuwa upande wake. Matukio haya ni machache: makadirio ya Marekani yanazunguka mwanamichezo mmoja kati ya 50,000 hadi 80,000 kwa mwaka. Malaria inaua zaidi, hakuna ubishi.

Ndiyo maana naona sharti lianze na mikono. Kila mwalimu wa michezo, kila nesi wa shule na kila mlinzi afundishwe kukandamiza kifua, na wanafunzi pia. Kisha mashine ziwe lazima kwenye mashindano yanayokusanya shule nyingi, kama yale ya sekondari za Afrika Mashariki yaliyofanyika Mbale mwaka 2024: mashine chache za wilaya zinazohama na mashindano, pamoja na mtu anayezijua. Shule kubwa za bweni zifuate. Na liandikwe waziwazi nani anaiangalia, kwa sababu vibandiko huisha muda baada ya miaka miwili hadi minne hivi na betri baada ya minne au mitano. Mashine nyingi zina taa ndogo ya kijani inayosema niko tayari. Kuitazama kila Jumatatu ni kazi ya kiranja. Isiachwe kwenye basi lililoegeshwa juani, maana joto la kupita nyuzi 50 linaiharibu. Mitungi ya kuzimia moto nimeiona ikining'inia na vumbi la miaka, tarehe yake imepita, na hakuna anayekumbuka nani aliinunua. Sharti linalohesabu mashine bila kuhesabu dakika litatupa ukuta mwingine wa namna hiyo.

Wiki mbili baada ya ile mechi nilirudi uwanjani pale Tororo, nikatembea kutoka mduara wa katikati hadi ofisi ya mwalimu mkuu, ambako sanduku la huduma ya kwanza hukaa. Kwenda na kurudi kwa mbio ilikuwa dakika tatu na sekunde arobaini, mlango ukiwa wazi. Jumamosi ofisi hufungwa saa saba mchana na karani anaondoka na ufunguo. Mechi huanza saa tisa. Kisha nikatembea hadi langoni. Hatua mia moja na kumi. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye redio ndogo kiunoni, yuko pale mchana na usiku. Nilimweleza kuhusu mashine, vibandiko, na sauti inayoelekeza, nikamuuliza kama angethubutu.

"Nikionyeshwa mara moja," alisema, "naweza."